Dereva Aliyezaliwa Kampala: Shekhar Mehta na Kazi ya Mbio Ugenini

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, Jinja

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, akina mama, na ninyi vijana wa gereji mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono bado ina grisi, habari za jioni. Walionialika waliniuliza nitazungumza lugha gani: Kiganda, Kisoga au Kiingereza. Nikawaambia Kiswahili. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nimekulia Walukuba, jirani wa kulia Mjaluo, wa kushoto Mteso, mbele yetu Mnyoro, na lugha iliyotukutanisha bombani ilikuwa hii. Nilipoingia gereji nikaikuta tena. Spana, jeki, pancha, gia: fundi wa Jinja na fundi wa Mombasa hawahitaji mkalimani.

Kabla sijaanza naomba mnyooshe mikono. Nani anamjua dereva aliyezaliwa Uganda akashinda Safari Rally mara tano? Naona mikono mitatu, na miwili kati ya hiyo ni ya wazee. Basi ndiyo sababu nimekuja. Kila wiki nawasikia vijana wakibishana juu ya madereva wa Finland, wa Ufaransa, wa Uingereza. Wanajua mpaka namba za magari yao. Lakini huyu aliyezaliwa saa mbili tu kutoka hapa, njia ikiwa wazi, hawamjui. Sitaki tuondoke leo bila kumjua.

Jina lake Shekhar Mehta. Alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Alianza mashindano mwaka 1966, kijana wa miaka 21, akiendesha BMW. Najua mtasema: mtoto wa tajiri, ana BMW, hadithi imekwisha. Hapana. Watoto wa matajiri wenye magari mazuri walikuwa wengi Afrika Mashariki wakati ule, na wengi wao waliyaacha magari hayo ndani ya mitaro. Fedha ilimfikisha kwenye mstari wa kuanzia. Kutoka hapo mpaka mwisho ni habari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Kwanza muelewe Safari ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu mbio moja. Baadaye ikawa inafanyika wakati wa Pasaka, na ninyi wenyewe mnaijua Pasaka yetu: ndipo mvua za masika zinapofunguka. Barabara hazikufungwa. Ukikata kona kwa kasi unaweza kukutana na lori la pamba, basi la abiria, ng'ombe, mama ana mtungi kichwani. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana. Na hesabu yake ilikuwa rahisi kuielewa, ngumu kuitimiza: kila kituo kina saa yake ya kufika, na kila dakika unayochelewa ni alama dhidi yako. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya themanini, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya tisini, yakamaliza saba tena. Naomba mzifikirie hizo namba kama mafundi. Mengine yote yalivunjika, yalizama, yaligonga, yaliungua injini, yalikosa breki, yalipasua difu. Magari yale yalipokuwa yakipita Uganda, sisi watoto tulikesha kando ya barabara tukisubiri taa. Unasikia mlio kwanza, mbali, kama nyuki kwenye debe, halafu taa, halafu tope usoni. Mimi sikutazama sana madereva. Nilikuwa naangalia gari lipi linaburuza kitu chini. Nadhani ndipo ufundi uliponishika.

Kwa hiyo barabara ile haikuwa inamtafuta mwenye mguu mzito peke yake. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini kwenye mbio mwenda pole hashindi pia. Barabara ilimtaka mtu anayejua gari lake lina nguvu kiasi gani zilizobaki, na azitumie zote, lakini zimwishie baada ya mstari wa mwisho, si kabla. Mehta alikuwa mtu huyo. Mwaka 1971 alimaliza wa pili kwa Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo hilo. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola wa Finland akaja na Ford Escort akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Watu wakasema sasa wenyeji wamekwisha, Wazungu wa Ulaya wamejifunza njia.

Kisha ikaja tarehe 4 Agosti 1972. Wazee hapa mnaikumbuka. Idi Amin alitangaza kule Tororo, kwenye kambi ya wanajeshi, kwamba Waasia waondoke, na wakapewa siku 90. Mimi nilikuwa mvulana. Hapa Jinja maduka ya Main Street yalianza kufunga moja baada ya jingine, kama mtu anayezima taa za nyumba akienda kulala. Mjomba wangu alikuwa na gereji ndogo ya uani, na spea zake akinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Busoga, anayesema Kisoga kuliko mimi. Wiki ya mwisho mzee yule alikuja na seti ya spana imefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Alimpa mjomba, akasema, "Hizi haziwezi kupanda ndege, na sitaki ziuzwe na mtu asiyejua kazi yake." Hakusema zaidi. Mjomba alizitumia mpaka mikono ikamshinda, kisha akanipa mimi. Ziko kwenye mkoba huu. Mtaziona.

Mehta naye alipoteza nyumbani mwaka huo huo. Akaenda Kenya. Hebu pigeni hesabu: kutoka Agosti 1972 mpaka Pasaka ya Aprili 1973 ni miezi minane. Miezi minane baada ya kuambiwa nchi uliyozaliwa si yako, unapanda gari, unafunga mkanda, na unatakiwa utulie. Utulivu ndio kazi yenyewe ya dereva wa mbio ndefu. Mwenye hasira hubana usukani, na mwenye kubana usukani hasikii gurudumu linasema nini.

Mwaka 1973 ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa ndani yake. Mehta alikuwa kwenye Datsun 240Z, mwelekezi wake Lofty Drews. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Harry Källström, Mswidi, naye kwenye Datsun, ila ya aina nyingine. Walikwenda siku kadhaa, usiku na mchana, tope na vumbi. Mwisho wakahesabu dakika za adhabu. Mehta: 406. Källström: 406. Baada ya maelfu ya kilomita, sawasawa, hakuna hata dakika moja kati yao.

Mnajua walimpataje mshindi? Walirudi nyuma kwenye karatasi wakaangalia ni nani aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kupata alama yake ya kwanza. Ni Mehta. Hilo linanigusa mpaka leo. Hakushinda kwa jambo alilofanya siku ya mwisho watu wakipiga makofi. Alishinda kwa kitu alichokifanya mapema, gizani, vituo vya mwanzo, wakati hakuna aliyekuwa anajua kwamba kitahesabiwa.

Na kwenye vitabu, kando ya jina lake, imeandikwa Kenya. Kenya walimpokea, wakampa leseni, wakamshangilia, na ni haki yao. Siwanyang'anyi. Ninachosema ni kwamba sisi tulimfukuza, kisha tukamsahau, na la pili hilo tunaweza kulirekebisha jioni hii bila gharama yoyote.

Baada ya ushindi ule alikaa miaka sita bila kushinda Safari tena. Vijana, sikilizeni hiyo miaka sita. Njia yenyewe ilikuwa imebadilika. Tangu 1974 Safari ilibaki ndani ya Kenya tu. Magari yalibadilika. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Björn Waldegård akaja na Ford. Mtu mwingine angesema, nilishinda mara moja, inatosha, niweke kikombe sebuleni. Mehta akaendelea.

Halafu 1979, akiwa na mwelekezi Mike Doughty kwenye Datsun 160J, akashinda. Wa pili alikuwa Mikkola, safari hii ndani ya Mercedes 450 SLC kubwa, gari la injini ya lita tano. 1980 akashinda tena, wa pili Rauno Aaltonen. 1981, Mehta, wa pili Aaltonen. 1982, Mehta, wa pili Walter Röhrl, Mjerumani ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia. Mara nne mfululizo. Carl Tundo wa Kenya naye baadaye alifikisha ushindi wa Safari mara tano, na ni dereva hodari, lakini ilikuwa katika miaka ambayo Safari haikuwa mbio ya ubingwa wa dunia. Katika zile za ubingwa wa dunia, tano za Mehta hazijafikiwa na mtu mpaka sasa. Waldegård alifika nne.

Sasa niseme kama fundi. Magari yake ya 1979 mpaka 1982 hayakuwa ya miujiza. Yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, injini ya silinda nne. Audi ilikwisha kuleta gari la kuvuta magurudumu manne katika mbio za dunia tangu 1981, na kila mtu aliona zama zinageuka. Lile Datsun lilikuwa na sifa moja: lilikuwa gumu, na likiharibika linatengenezeka haraka. Tangi limekingwa, injini imewekewa bamba la chuma chini, shokapu zimeimarishwa, na mafundi wanajua kila nati iko wapi hata gizani. Gari kama hilo linamtaka dereva anayeshirikiana nalo. Ukifika kwenye shimo, unapunguza kabla, kisha unaachia breki kidogo pua ya gari inyanyuke ndipo uingie. Ukiingia breki zimeshikwa, uzito wote umelala mbele, na shokapu ya mbele ndiyo inayolipa. Ukivuka mto, huendi kwa pupa. Maji yakiingia kwenye kichujio cha hewa injini inayameza na fimbo za pistoni zinapinda. Mambo haya mnayafundishwa na walimu wenu kwenye ubao. Mehta aliyafanya kwa maelfu ya kilomita, na nyuma yake madereva wenye kasi kuliko yeye walikuwa wamesimama kando ya barabara boneti zikiwa wazi.

Naamini alianza kuyajifunza hapa, barabara za Uganda, udongo huu mwekundu ambao mvua ikinyesha unakuwa sabuni na jua likiwaka unakuwa saruji. Ndiyo mali aliyoondoka nayo. Mnaweza kumzuia mtu mpakani asitoke na dhahabu. Hamwezi kumzuia asitoke na masikio yake.

Alipokwenda nje kushindana ndipo uzuri wa mambo unapoonekana, maana kila nchi ina mtihani wake. Ugiriki, kwenye rali ya Acropolis, ni mawe na joto. Tairi hukatwa kama mkate. Ivory Coast ni msitu na unyevu. Ukungu unashuka kwenye kioo na barabara inapotea. Argentina ni milima na mito ya kuvuka. Finland magari yanaruka hewani juu ya vilima, na dereva lazima ajue yatatua wapi kabla hayajapaa. Na rali za Ulaya hazikuwa kama Safari: njia imefungwa, inakatwa vipande vifupi, kila kipande kinapimwa kwa sekunde. Mtu aliyezoea kutunza gari kwa siku nne anaambiwa sasa, tupa kila ulicho nacho kwa dakika kumi. Ni kama mkimbiaji wa marathoni kutakiwa akimbie mita mia. Mehta alikwenda Argentina mwaka 1981 na Datsun akamaliza wa pili, na mwisho wa mwaka huo alikuwa wa tano katika orodha ya madereva wa dunia. Mtu wa tano duniani, kuanzia hapa Kampala.

Katika mashindano kadhaa ya nje mwelekezi wake alikuwa mkewe, Yvonne. Wadada mlio hapa, msikie hilo. Mwelekezi si abiria. Anashika noti za njia mapajani, gari linatupwa huku na huku, na yeye anasoma kona ijayo kabla dereva hajaiona. Akikosea mstari mmoja wote wawili wako korongoni. Mimi nimewahi kumsomea dereva noti kwa Kiswahili, katika mbio ndogo za klabu: "Kulia nne, inafunga, usikate, mita mia, kuruka, shika kushoto." Dereva wangu alikuwa akicheka mwanzoni kwa sababu alizoea Kiingereza, lakini baada ya siku moja alisema Kiswahili kinamfikia haraka zaidi, kwa sababu hahitaji kukifasiri kichwani. Noti ziandikwe kwa lugha unayoshtukia nayo. Ukikanyaga mwiba unapiga kelele kwa lugha gani? Andika kwa hiyo.

Katikati ya miaka ya 1980 mchezo ukabadilika tena. Yalikuja magari ya Kundi B, mepesi na yenye nguvu za kutisha. Mehta aliingia kwenye Peugeot 205 T16 katika Safari ya 1986. Mwaka ule Mei, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa kule Corsica, na Kundi B likapigwa marufuku mwisho wa mwaka. Peugeot wakayapeleka magari yao jangwani, kwenye mbio za Paris-Dakar, na Mehta akaenda nao.

Jangwa ni shule ya tatu, na wengi hawamalizi hata siku ya kwanza. Hakuna barabara. Kuna kitabu cha njia na dira. Unaambiwa, nenda upande huu kilomita hamsini, utafute mti. Kwenye mchanga unapunguza upepo wa tairi ili zitandike, ukifika kwenye mawe unajaza tena, na ukisahau lolote kati ya hayo mawili umekwama au umepasua. Kilima cha mchanga huwezi kujua upande wa pili kuna nini. Mteremko wake mmoja ni mpole na mwingine umekatwa kama ukuta, na upepo huupanga upya. Mwaka 1987, katika mbio za Mafarao kule Misri, Mehta alipata ajali mbaya, akaumia vibaya, na kazi yake ya udereva ikaishia pale. Alikuwa na miaka 42.

Hakuondoka kwenye mchezo. Alikuja kuongoza tume ya rali ya FIA, chombo cha dunia cha mchezo huu. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa anakaa kwenye kiti cha kuamua kanuni za rali za nchi zote. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mwalimu wenu mkuu aliniomba niseme pia juu ya ninyi: mtu wa Uganda wa leo anakwendaje nje kushindana? Nitasema ninayoyajua kwa mikono yangu.

Inawezekana, kwa sababu imekwisha kufanyika. Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika wa rali mwaka 1999. Ubingwa huo hauamuliwi kwa mbio moja. Unahamahama, nchi kwa nchi, na rali yetu ya Pearl of Africa ni mojawapo ya vituo vyake. Muhangi alilazimika kwenda kwa watu, barabara wanazozijua wao, na kuwashinda. Wale wanaosema Mganda hawezi bila mashabiki wake kando ya njia, wamjibu yeye.

Sasa kisa changu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa fundi wa dereva mmoja, simtaji jina. Tulikuwa tunavuka Malaba kwenda kwenye mbio Kenya. Wiki moja kabla, injini ilikuwa imegonga, na mimi nikaibadilisha na nyingine nzuri kabisa. Nilifanya kazi safi, usiku kucha. Tulipofika mpakani, ofisa akafungua boneti, akasoma namba ya injini, akasoma hati ya kupitishia gari, akatikisa kichwa. Namba hazikulingana. Kwenye karatasi lilikuwa gari jingine. Tulilala pale siku mbili, kati ya malori, tukinunua chapati kwa akina mama wa barabarani, huku simu zikipigwa Kampala. Tulipofika, ukaguzi wa magari ulikuwa umefungwa, na bila ukaguzi huanzi. Dereva wangu hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti chake ndani ya gari, kofia ya chuma mapajani, akatazama wenzake wakiondoka mmoja mmoja. Ningependa angenigombeza. Ofisa alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile nikibadilisha injini, kabla sijafunga boliti ya mwisho nimeshaandika namba na kumpelekea anayeshika karatasi.

Kwa hiyo anayetaka kwenda nje ajue: nusu ya mbio iko kwenye bahasha. Leseni ya kimataifa ya dereva na ya mwelekezi. Hati ya gari. Mikanda na viti vina tarehe ya mwisho wa matumizi, hata kama vinaonekana vipya. Nguo zisizoshika moto, kofia yenye alama inayotambuliwa, kizimba cha mabomba kilichochomelewa kwa kanuni na si kwa kukadiria macho. Katwe na Kisekka, kule Kampala, kuna wachomeleaji ninaoweza kuwaweka mbele ya yeyote duniani, nasema kweli, lakini mkaguzi wa ugenini hamjui fundi wako. Anajua karatasi.

Kijana wa pale mlangoni ameniandikia swali: vipi kuhusu langalanga, zile mbio za Formula One? Nitakujibu bila kukuficha. Barabara ya langalanga ni nyingine. Wale madereva huanza kwenye vigari vidogo viitwavyo kart wakiwa watoto wa miaka minane, tisa, kisha wanapanda ngazi Ulaya, mwaka kwa mwaka. Ili upewe leseni ya Formula One, kwa kawaida unahitaji kuwa na miaka 18 na alama 40 ulizokusanya katika mashindano ya chini kwa muda wa miaka mitatu. Hapa kwetu hatuna uwanja wa lami wa kiwango hicho. Afrika Kusini wanao wa Kyalami, na mbio ya mwisho ya Formula One kule ilikuwa 1993. Mwafrika mmoja ameshakuwa bingwa wa dunia wa langalanga, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, mwaka 1979, mwaka ule ule ambao Mehta alirudi kushinda Safari. Sikukatazi kuota. Nakwambia ngazi iko wapi, ili usisimame chini ya mti ukidhani ndiyo ngazi.

Rali iko karibu nasi zaidi, kwa sababu uwanja wake ni barabara ya vumbi, na hiyo Mungu ametupa kwa wingi. Mwaka 2022 kijana wa Kenya, McRae Kimathi, alikwenda kushindana Uswidi katika ubingwa wa dunia wa vijana, kwenye theluji, kwa tairi zenye misumari. Kijana wa kwetu Afrika Mashariki, barafu kila upande! Na Susan Muwonge alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa rali hapa Uganda, mwaka 2011. Kuna viwanja vya mbio vya Busiika na Garuga, kuna klabu. Nendeni mkabebe tairi kwanza. Simamieni saa. Osheni gari la mtu mwingine usiku wa manane muone nati zipi hulegea na kwa nini. Mlango wa fundi ni mwembamba, lakini haulipiwi kiingilio, na wako madereva walioingilia hapo.

Fedha? Mzee wa mbele ameuliza, na swali lake ni zito. Mbio za nje zinakula fedha: tairi, mafuta, meli au lori la kusafirishia gari, hoteli, visa, mafundi. Dereva asiye na mfadhili hatoki. Sina jawabu la kumfurahisha mtu. Nilichokiona ni kwamba mfadhili humrudia anayemaliza. Gari lenye jina la kampuni yake likisimama kilomita ya kumi, hakuna aliyelisoma jina hilo. Likifika mwisho, hata likiwa la kumi na tano, limepita mbele ya macho ya watu njia nzima. Madereva wetu wengi vijana wanataka kuonekana kwenye kona ya kwanza. Mehta mwaka 1973 alionekana kwenye karatasi ya mwisho, dakika 406 kwa 406.

Muda umekwenda na jua linazama. Nje pale, chini ya mwembe, kuna Corolla ya mwalimu wenu iliyokuja ikigonga gurudumu la mbele kushoto. Nimeisikia ikiingia getini, na wengine wenu nimeona mmegeuza shingo, nikafurahi. Nadhani ni bushi, lakini sitasema mpaka mmoja wenu aingie chini. Spana za mzee yule ziko hapa. Kumi na nne na kumi na saba zitatosha. Nani anaanza?